Huyo Mwanaume Mtoe

"Huyo mwanaume," alisema Mwavuli, amesimama mbele ya watu na karatasi mkononi, "ningemshauri mzungumzaji wetu amtoe."

Watu wakatazamana.

"Amtoe kabisa. Hotuba ilikuwa nzuri. Sauti imetulia, macho yanafika mpaka nyuma, mikono haichezi tena na ncha ya mtandio kama zamani. Lakini yule askari wa getini, anayependwa na mwanamke wa dirishani muda wote huo na hajui, mimi simwamini. Mwanaume mzima unatiliwa chai kila jioni, unawekewa kiti, unaulizwa umefikaje nyumbani, halafu usielewe? Mtu wa hivyo hayupo. Msikilizaji anabaki kujiuliza, huyu bwana ana akili timamu?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mwingine akainama kufunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba.

"La mwisho, hitimisho. Mzungumzaji amesema ameitwa kwenda mbali, na kama kuna mwenye sababu ya yeye kubaki, mlango haujafungwa. Maneno matamu, ila yanaelea. Hatujui anamwambia nani. Asante."

Akarudi kwenye kiti chake karibu na mlango, ameridhika na kazi yake. Makofi yalipigwa kwa adabu tu.

Katika klabu ile aliyepimwa hajibu. Hata kama mpimaji amekosea, hata kama amekuonea, unasimama, unasema neno moja na kukaa. Hiyo ndiyo sheria, na wanasema ndiyo inayomfundisha kiongozi kumeza maneno ya watu bila kutapika hapo hapo. Kijiko, ambaye hotuba ilikuwa yake, akasimama.

"Nimepokea," alisema.

Halafu akachukua mkoba wake akatoka, na chai aliyoipika ikabaki kwenye chupa.

Watu wote mle ndani walijua askari wa getini ni nani. Mwenyekiti alijua, mshika saa alijua, hata mwanachama aliyejiunga juzi alijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyepewa karatasi ya kupima.

Nieleze haya majina, maana najua yanakuchekesha. Kila Alhamisi baada ya kazi, watu wa kila aina hukutana kwenye darasa la kukodi kujifunza kuzungumza mbele za watu. Mgeni akifika, anaingiza mkono kwenye bakuli, anatoa kikaratasi, na kitu kilichoandikwa pale anakizungumzia papo hapo bila kujiandaa. Kitu hicho kinakuwa jina lake. Ndiyo maana fundi friji mwenye mabega mapana anaitwa Mwavuli, mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, anaitwa Mama Sabuni, na kuna mwanasheria wa suti za gharama ambaye, maskini, anaitwa Ndala.

Mwenye hotuba ile alitoa kikaratasi cha Kijiko. Siku hizo alikuwa anafanya kazi nyuma ya duka la miwani, kwenye mashine ya kukata lenzi, na mwenye duka alikuwa amemwambia wazi, "Mikono yako sina wasiwasi nayo. Ila ukimwona mteja unageuka sanamu." Basi akaja klabu, akatoa kikaratasi, akasimama mbele ya watu na hakuna kilichotoka. Pale mtu akikwama hasaidiwi, anasubiriwa. Watu wakaanza kutazama dari, wengine kucha zao, kwa kumwonea haya. Mwanaume mmoja tu pale mlangoni hakutazama pembeni wala hakumpa lile tabasamu la kumwonea huruma. Alimtazama kama mtu aliyekaa kusubiri chai iive na hana haraka ya kwenda popote.

"Kijiko," dada wa watu akasema hatimaye, "ni kidogo, lakini ndicho kinachokoroga."

Wakampigia makofi. Yule wa mlangoni akaandika kitu kwenye karatasi yake, akainua kichwa, akaitikia kwa heshima kabisa. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na Kijiko hakuyasema kwa mtu ila dada yake.

Klabu ilimjenga, huo ndio ukweli. Alijifunza kusimama, kisha kusikiliza, kisha kusimamia. Mama Sabuni alipolazwa hospitali, Kijiko ndiye aliyeongoza mikutano. Akawa na jicho la kumwona mtu aliyenyamaza kwa sababu hana la kusema na yule aliyenyamaza kwa sababu hajapewa nafasi. Kazini nako akaanza kutoka nyuma ya mashine. Mwanzoni alisimama kaunta wakati wengine wamekwenda kula, baadaye akawa anaongoza kikao cha wiki, na siku muuza fremu alipoleta mzigo pungufu na maneno mengi, mwenye duka alimwita yeye. Sasa duka lilitaka kufungua tawi katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na lilimtaka yeye akalisimamie.

"Nipe mpaka Ijumaa," alimwambia bosi wake.

Ijumaa ilikuwa kesho ya hotuba ile. Jibu lake lilikuwa linasubiri mtu mmoja aelewe.

*

"Haya, niambie," dada yake alipokea simu kabla haijaita vizuri. Dada huyu ndiye aliyemlea, na kusubiri habari hakujui. "Amekupima?"

"Amenipima."

"Akasemaje?"

"Amesema nimtoe."

"Umtoe nani?"

"Yeye mwenyewe."

Kijiko alikuwa ameketi kitandani bado na viatu.

"Subiri," dada akasema. "Umemsimulia mapenzi yako mbele ya umati, na yeye akasahihisha?"

"Kasema mwanaume kama huyo hayupo. Kasema haaminiki. Kauliza kama ana akili timamu."

"Hapo kwenye akili mimi niko upande wake."

"Dada, usinichekeshe. Naumwa."

"Unaumwa wapi?"

"Kila mahali. Ningejua naumbuka tu ningekaa kimya. Zamani nilikuwa nakaa kimya vizuri sana."

"Mdogo wangu, kwa nini hukumwambia kwa mdomo tu, mkiwa wawili? Askari wa getini wa nini?"

"Niliogopa. Nilidhani nikimfunika kidogo atamfunua mwenyewe. Anasikiliza kuliko watu wote mle ndani, dada. Anasikia mpaka pumzi ukikosea kuvuta."

"Anasikia pumzi, maneno hasikii," dada akasema. "Vua viatu ulale. Kesho ni Ijumaa."

Ujumbe ukaingia wakati huohuo. Ulitoka kwa Mwavuli.

"Habari Kijiko. Umeondoka bila karatasi yako ya tathmini. Nikuletee au nipige picha?"

Aliusoma, akaukodolea macho, akausoma tena akitafuta kitu nyuma ya maneno. Hakikuwapo.

"Piga picha," akaandika.

Picha ikaja. Chini yake, "Usijisikie vibaya kuhusu yule mwanaume. Ni maoni tu. Unakua vizuri sana."

"Nimepokea."

Kulipokucha alimwandikia bosi kabla hata hajanawa uso. "Nimekubali kwenda."

*

Usimhukumu Mwavuli haraka, ingawa anastahili kidogo. Fundi huyu alimpenda Kijiko muda mrefu, na hakuwa na mpango wowote wa kumwambia. Alikaa karibu na mlango kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja na nguo zake zilinuka mafuta ya mashine. Alipoona msichana yule anapanda, anaongoza vikao, anaitwa mbele, alijihesabu kuwa wa chini yake na akajikaza. Kitu kimoja tu alijiruhusu. Kila zamu ya Kijiko kuzungumza ilipofika, alimwendea Ndala mwanasheria na kumwomba wabadilishane, ili ampime yeye. Mpimaji ana ruhusa ya kumtazama mtu bila kupepesa macho na hakuna atakayemuuliza. Basi alikuwa anamtazama, na ili asigundulike alikuwa anaandika kwa bidii, kila "yaani" aliyoichomeka, kila pumzi, kila mkono. Ndivyo alivyokuwa akimpenda, na ndivyo alivyopitwa.

Alhamisi iliyofuata Kijiko hakuja. Mama Sabuni alisimama mbele, akarekebisha miwani yake.

"Naibu wangu amepata kazi ya kusimamia tawi jipya. Anahama mwisho wa mwezi. Atakuja kutuaga. Tumpigie makofi hata kama hayupo."

Mwavuli alipiga makofi pamoja na wengine, na mikono yake haikujua inafanya nini. Watu walipotawanyika alibaki akipanga viti vilivyokwisha kupangwa.

"Mama," alisema hatimaye, "Kijiko hakuniambia kama anaondoka."

Mama Sabuni alikuwa anafuta ubao. Hakugeuka.

"Alikuambia."

"Lini?"

"Alhamisi iliyopita. Mbele ya watu wote. Ukamwambia akutoe."

Mwavuli alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Yule askari wa getini," alisema.

"Yule askari wa getini."

"Lakini mimi si askari, mama."

"Na yeye hakai dirishani, mwanangu."

Mwavuli akavuta kiti kimoja kutoka kwenye mstari, akakaa. Mama Sabuni akaweka kifutio chini, akaja akakaa mbele yake kama alivyozoea kukaa na wanafunzi waliofeli wakati wangeweza kufaulu.

"Unayo bado sauti yake? Ile rekodi anayopewa kila mpimaji?"

"Ninayo."

"Isikilize tena. Safari hii usiandike kitu."

Aliisikiliza kesho yake akiwa kazini, ndani ya chumba cha baridi cha muuza nyama mmoja, simu imeegemezwa kwenye kopo la gesi na bisibisi mkononi. Sauti ya Kijiko ikajaa kati ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia.

"Kila jioni namtilia chai, namwambia imebaki. Haijabaki. Nimeipika, yaani, kwa ajili yake. Nikimuuliza umefikaje nyumbani, si njia ninayoiulizia. Mwanamke wa dirishani amejifunza maneno mengi, na mengi ameyajifunza ili siku moja aweze kusema machache. Anatamani, yaani, mtu huyu ageuke. Ageuke tu, aone kuwa dirishani kuna mtu."

Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Zile "yaani" alizokuwa amezihesabu zilikuwa zinakuja kila anapomtaja yule mwanaume, na hazikuja mahali pengine. Alikuwa ameziandika zote na hakujiuliza hata mara moja kwa nini zimekaa pale.

Mlango mzito ukafunguliwa. Muuza nyama akachungulia.

"Fundi, mbona kimya? Friji ndiyo inayotakiwa kugandisha nyama, si wewe ugande."

"Nakuja, mzee."

"Umelia?"

"Baridi."

"Baridi hailizi mtu namna hiyo," mzee akasema, akamfungia mlango taratibu ili amalize.

*

Duka la miwani lilikuwa na vioo kila ukuta, kwa hiyo Mwavuli alipoingia alijiona yuko kama watu wanane, wote wamevaa shati lilelile lililopigwa pasi vibaya. Kijiko alikuwa kaunta.

"Karibu," alisema, kama anavyomwambia kila mteja. Kisha akainua uso. "Oh. Ni wewe."

"Ni mimi. Naomba dakika chache."

"Zungumza."

Mwavuli akavuta pumzi, akaweka miguu sawa, akapanua mabega. Alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Nimekuja na mambo matatu," alianza. "Kwanza, samahani. Pili, maelezo ya jinsi kosa lilivyotokea. Tatu, ombi. Nikianza na la kwanza, tangu siku niliyokuona umesimama mbele yetu na kikaratasi mkononi..."

"Mwavuli."

"Naam."

"Unanihutubia."

Mwavuli akatazama miguu yake.

"Umesimama kama uko jukwaani. Macho yako yanatembea, unamtazama hata yule pale kwenye bango." Sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Nimepigiwa makofi na ukumbi mzima, yanatosha. Nilikuwa natamani mtu mmoja akae na mimi, tuongee. Tuongee ovyo hata, mradi tuongee. Nimekitamani hicho mpaka nimechoka."

"Kijiko, mimi sijui kuongea hivyo."

"Najua. Mimi pia nilikuwa sijui, nikajifunza. Wewe umejifunza kila kitu isipokuwa hicho."

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa na mama mmoja akaingia amemshika baba yake mzee mkono, tayari anafoka. Miwani ya mzee ilikuwa na tatizo, mzee anajikwaa kwenye ngazi, wamedhulumiwa, wanataka kumwona mwenye duka. Kijiko alizunguka kaunta, akamwamkia mzee kwanza, akamvutia kiti, ndipo akamgeukia binti.

"Dada yangu, niambie tangu mwanzo. Sikukatishi."

Na hakumkatisha. Yule mama alifoka mpaka hasira ikamwishia, na ilipomwishia akajikuta anaeleza tatizo badala ya kugomba. Kijiko akamuuliza mzee mwenyewe anaona nini akitazama chini, akapima, akaona lenzi zilikaa vibaya kwenye fremu, akasema mbele ya wote, "Kosa ni letu. Tunatengeneza sasa hivi." Mzee alikuwa anacheka kabla hawajamaliza.

Mwavuli aliyaona yote akiwa amesimama kwenye kona ya fremu za watoto. Alikuwa amekuja kumwomba abaki. Ndilo lililokuwa lile jambo la tatu. Akamtazama mwanamke yule, jinsi alivyoishika hasira ya mtu na kuituliza, na lile ombi likamwozea kooni. Nani angemrudisha mtu kama huyu nyuma ya mashine kwa sababu yeye fundi friji alichelewa kusikia?

Akatoka bila kuaga. Kijiko alipoinua macho kumtafuta, vioo vyote vilikuwa tupu.

*

Majuma yale yaliyobaki yalikuwa marefu kwa wote wawili. Kijiko alifunga vitu vyake kwenye maboksi. Kila jioni alishika simu, akafungua jina la Mwavuli, na mara nyingi alikuta pale juu pameandikwa "anaandika." Alikaa akiyatazama maneno hayo kama mtu anayetazama mlango. Yakatoweka. Yakarudi. Yakatoweka tena, na hakuna kilichoingia.

"Anaandika nini huyu, kitabu?" aliuliza dada, aliyekuja kumsaidia kufunga mizigo, akichungulia begani kwake.

"Sijui. Hatumi."

"Basi anza wewe."

"Nilianza, dada. Nilianza mbele ya watu wote. Sasa ni zamu yake."

"Na asiposema?"

Kijiko alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja upya.

"Asiposema nitakwenda na kazi yangu nitaifanya vizuri. Nitakuwa na duka zuri na wateja watanipenda. Nikirudi nyumbani jioni nitatenga chai ya mtu mmoja." Akaiweka blauzi boksini. "Namtamani, dada. Nimechoka kujifanya simtamani. Kila nikipita penye friji inayonguruma namkumbuka, na hakuna duka lisilokuwa na friji."

Dada, ambaye huwa na jibu la kila kitu, akamvutia kichwa chake begani, wakakaa hivyo kati ya maboksi.

*

Siku ya kuaga, darasa lilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Habari zilikuwa zimesambaa. Kwenye ratiba, mzungumzaji mkuu alikuwa Mwavuli, na kila mtu alijua atasema nini. Ndala alikuja na kamera. Mama mmoja alikuja na leso mbili. Mshika saa, mtu mkali asiyemsamehe hata mwenyekiti, alikuwa ameizima saa yake kabisa. Kijiko alikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, moyo unadunda mpaka aliuona kwenye kifungo cha blauzi.

"Tunamwita Mwavuli," alisema Mama Sabuni.

Mwavuli akaenda mbele. Alitazama watu wote wale, nyuso zilizojaa hamu, simu zimeinuliwa. Kisha akamtazama mmoja.

"Mwenyekiti," alisema, "nina maneno. Lakini si ya hapa. Naomba nisizungumze leo."

Akarudi kukaa.

Watu walishusha pumzi kwa pamoja, na haikuwa ya furaha. Ndala alishusha kamera. "Jamani, huyu mtu," mama wa leso mbili alinong'ona, karibu alie kwa hasira. Kijiko aliangalia mikono yake iliyokuwa mapajani. Kwa hiyo ndivyo ilivyo, alijiambia. Akajikaza, akasimama ilipofika zamu yake, akaaga vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza, akawashukuru mmoja mmoja mpaka mfagizi wa shule, na jina moja akaliruka. Kisha akaomba udhuru, akatoka darasani kwenda kunywa maji.

Alisikia hatua nyuma yake. Hakugeuka.

"Kijiko."

"Rudi ndani. Mkutano haujaisha."

"Naomba tukae."

Kulikuwa na benchi la wanafunzi ukutani, fupi, la watoto. Mwavuli akakaa kwanza, magoti yakamfika karibu na kidevu. Kijiko alisita, kisha akakaa pia.

"Pale mbele wangenipigia makofi," Mwavuli alisema, akitazama sakafu. "Halafu wewe ungelazimika kutabasamu, hata kama hutaki. Sikutaka ulazimike."

Kijiko alikaza macho ukutani.

"Mimi... nakupenda. Sijui nianze wapi tena baada ya hapo. Nilikuwa namwomba Ndala zamu yake ili nikutazame. Kila mara. Mwulize. Naandika ujumbe usiku, nafuta, naandika, nafuta. Chai yako... nilidhani kweli imebaki. Nilikuwa nafurahi kwamba imebaki. Nilikuwa nasema leo pia Mungu kasaidia watu hawajanywa." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Naongea vibaya."

"Endelea," Kijiko alisema.

"Imekwisha. Ni hiyo tu."

"Ulikuja dukani kuniambia hayo?"

"Nilikuja kukuomba ubaki."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Nilikuona na yule mzee."

Ndani, mtu alikuwa anasoma taarifa na hakuna aliyekuwa anamsikiliza, maana mlango ulikuwa umefunguka kiasi cha jicho, kisha kiasi cha macho mawili.

"Niombe sasa," Kijiko alisema. Alijishangaa mwenyewe. Alikuwa amengoja sana, na kama angeambiwa baki, saa ile, angebaki. "Unataka nibaki?"

"Hapana."

Uso wa Kijiko ukasawijika. Mwavuli aliuona, akaushika mkono wake haraka, mkono wake mkubwa wenye makovu ya waya.

"Sitaki ubaki. Lile duka likae bila wewe? Nenda. Mimi nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Huko."

"Kufanya nini huko, na wewe una wateja wako hapa, una karakana?"

"Karakana nimeshamwachia mdogo wangu, tumekubaliana tangu juzi. Na friji zinaharibika kila mji, Kijiko. Huko pia watu wanakula nyama." Akauminya mkono wake. "Nitaanza upya, sawa. Nitakaa miezi mingi sijulikani. Lakini jioni nitakuwa najua naelekea wapi. Kama wewe hutaki, sema, nitasikia. Safari hii nitasikia."

Kijiko alitaka kujibu vizuri. Alikuwa na maneno mengi, klabu nzima ilikuwa imempa. Akalia, akaegemea lile shati lenye harufu ya mafuta, na mkono wake hakuutoa.

Simu yake ikaita. Ilikuwa dada.

"Amesema?" dada aliuliza bila salamu.

"Amesema."

"Kasemaje?"

Kijiko akafuta macho, akampa Mwavuli simu. "Mwambie mwenyewe. Ndiye mama yangu na baba yangu."

Mwavuli akaishika simu kwa mikono miwili, akakaa vizuri, kisha akaacha kukaa vizuri.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye askari wa getini?"

"Ndiye mimi."

"Umechelewa sana, baba. Mtoto anasafiri kesho alfajiri. Tiketi yake nimekata mimi mwenyewe."

"Najua, dada. Nampenda, na nataka kumwoa, nitakuja na wazee wangu kwa heshima zote. Ila kwa sasa naomba jambo moja."

"Lipi?"

"Nitajie basi lake, nami nikakate tiketi yangu."

Kijiko alisogeza sikio, akamsikia dada yake analia, yule dada asiyekosa neno, analia huku anatafuta tiketi kwenye mkoba ili asome jina la basi.